Mchota Majitaka Aliyeponzwa na Usafi Wake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kepteni amesimama juu ya mdomo wa bomba kuu, anachagua maji. Anateremsha ndoo ndogo yenye kamba, anaivuta, anaitazama, anainusa kwa mbali, kisha anatikisa kichwa na kuyarudisha yalikotoka.

"Haya mepesi," anasema. "Huu ni mji unaoga tu. Tusubiri hospitali iamke."

Tunasubiri. Amevaa mabuti ya mpira yanayomfika magotini, glavu ndefu na barakoa. Mwandishi wa makala haya amepewa barakoa mbili na bado anatamani ya tatu.

Ikikaribia saa moja, maji yanabadilika rangi na kuanza kuja kwa kishindo. Kepteni anachangamka. Anajua saa ambayo wodi zinapigwa deki na saa ambayo mashine za kufulia mashuka zinamwaga, na anajua kwamba nyuma ya nondo ya tatu ya chujio la chuma ndipo uchafu mzito hujikusanya. Anatumbukiza ndoo hapo hapo.

"Hapa sasa," anasema, kwa sauti ya mtu aliyeona papai lililoiva.

Anajaza chupa mbili, anazifunga, anazifuta nje kwa dawa na kuandika tarehe. Chini ya tarehe anaandika "Bwawa la kwanza" na kupiga mstari. Halafu anapiga mstari wa pili. Mistari hiyo miwili ina historia yake, na si historia anayopenda kuisimulia mbele ya watu. Lakini mkewe anapenda, kwa hiyo tumeipata yote.

Kepteni ana umri wa miaka hamsini na mbili, na kwa miaka ishirini na moja amekuwa mhudumu wa mabwawa ya majitaka. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kitumbwi cha bati anachopanda kuondoa utando wa mafuta juu ya maji. Nahodha na abiria ni yeye mwenyewe.

Mabwawa yako manne. La kwanza hupokea kila kitu ambacho mji haukutaka kukiona tena. Maji hutembea polepole kutoka bwawa moja hadi jingine, na kufikia la nne yanakuwa maangavu kiasi kwamba bata wameweka makazi. Kila mwezi hujazwa fomu ya ubora wa maji, na kwenye safu ya vijidudu namba ikiwa ndogo, mhudumu anapongezwa. Ikiwa sifuri, anapeana mikono na mkuu wake wa kazi.

"Mimi nimelelewa na ile sifuri," anasema.

Mwaka jana alitembelewa na mtaalamu wa maabara, msichana mwembamba mwenye miwani, aliyekuja na kasha la chupa tupu. Alimwamkia vizuri, kisha akasema, "Baba, tunaomba utuchotee maji machafu kila Jumatatu. Machafu kabisa, tafadhali."

Akamweleza sababu. Kuna bakteria ambao dawa za antibiotiki haziwatishi tena, wanazipokea kama mvua ya rasharasha. Lakini bakteria nao wana adui wao, virusi wadogo mno wanaowala, na virusi hao hupatikana kwa wingi pale bakteria wanapojaa. Kwa hiyo watafiti wanaotafuta tiba mpya wanachungulia kwenye majitaka.

Kepteni anakiri kwamba alisikiliza nusu. Nusu nyingine alikuwa anawaza viti viko wapi, mgeni akae.

"Sasa niambie," anamuuliza mwandishi, "mgeni akifika kwako akasema, usijisumbue, nipe chochote kilichopo, wewe utampa kilichopo? Nilijisemea, huyu binti amelelewa. Anajua maji yetu ni machafu, ameomba machafu ili asiniaibishe."

Basi mwenyeji naye akaamua kuonyesha kwamba amelelewa. Jumatatu ya kwanza aliipita njia ya bwawa la kwanza bila kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja hadi la nne, upande wa bata. Alichota maji ya juu, yale yaliyotulia. Akayachuja kwa kitambaa cheupe mara tatu. Halafu, kwa kuwa aliona bado yana kaharufu, akatia tone la klorini.

"La kuyatuliza tu," anasema.

Baada ya siku chache ikaja karatasi ya majibu. Sifuri. Jumatatu ya pili, sifuri. Ya tatu, sifuri. Kepteni alizibandika karatasi hizo kwenye ukuta wa kibanda chake, karibu na kalenda. Zilipofika sita alimwita mkuu wake wa kazi aje azione, na mkuu wake, ambaye naye amelelewa na sifuri, alimpa mkono.

Nyumbani alimwambia mkewe, "Wataalamu wa watu wamelitafuta kosa hadi wamechoka."

Nyumbani huko ndiko kulikokuwa na balaa lenyewe.

Mama mkwe wake alikuwa amehamia kwao miezi minane kabla, akiwa na kidonda chini ya mguu wa kushoto. Ni mama wa miaka sitini na tisa, mwenye kisukari na maoni. Kidonda kilianza na msumari wa kiatu, kikafika ukubwa wa kiganja cha mtoto, kikakataa kwenda mbele wala nyuma.

Ili kuelewa nyumba ile ilivyokuwa, lazima turudi nyuma kwenye posa. Mshenga alipoulizwa kijana anafanya kazi gani, alijibu kwamba ni mtaalamu wa maji. Familia ikaridhika, maji ni uhai. Harusi ikapita, na mama mkwe akaja kujua ni maji yapi siku alipoomba kuonyeshwa kazini kwa mkwe wake. Kesho yake aliweka kipande cha sabuni ya kufulia juu ya kizingiti cha mlango, nje, na kila alipofika kukaa kwa binti yake sabuni hiyo iliwekwa. Kepteni hakukanyaga ndani kabla ya kuitumia kwenye bomba la uani, hata kama alikuwa ametoka dukani tu.

Zaidi ya hapo, mama huyo hakumsemesha mkwe wake moja kwa moja. Anasema ni heshima, mkwe hasemeshwi ovyo. Kila neno lilipitia kwa binti yake. "Mwambie mumeo mlango unapiga kelele." Na mumeo yuko pale pale, ameushika mlango. Binti asipokuwepo, ujumbe ulipitia ukutani.

"Siku moja nipo naye peke yangu sebuleni," Kepteni anasimulia, "nikamsikia anasema, ewe ukuta, mwambie mkwe wangu chai iko mezani. Nikasubiri ukuta uniambie. Chai ikapoa."

Mguuni hali haikuwa ya kuchekesha. Kwenye mkoba wake mama alikuwa na kopo la bati, na ndani ya kopo hilo mlikuwa na mabaki ya dawa za miaka kumi. Akiandikiwa dozi ya siku saba, alimeza siku mbili, akipata nafuu aliweka akiba. Jirani akikohoa alimgawia viwili. Yeye mwenyewe akihisi mguu unawaka, alichagua kwa rangi.

"Nyekundu na njano ndiyo ilikuwa kali," anasema bila majuto makubwa. "Sasa kama viwili vimenitosha, nimalize vyote kwa ushindani na nani?"

Daktari wa vidonda alipoliomba kopo alihesabu aina kumi na nne. Alimweleza kwa upole kwamba kumeza dawa nusu nusu ni kama kumpiga mwizi kofi moja kisha kumwachia: atarudi, na safari hii anajua mlango unavyofungwa. Vipimo vilipotoka, bakteria wa kwenye kidonda walikuwa sugu kwa dawa tano. Iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilifanya kazi kwa kusitasita. Sumu ilikuwa inaelekea kwenye mfupa. Daktari wa upasuaji akapanga tarehe ya kukata mguu chini ya goti, wiki tano mbele.

Mkewe Kepteni alilia jikoni. Mama mwenyewe hakulia. Aliomba aletewe viatu vyake vyote, akavipanga viwili viwili, akavitazama.

Siku ya kusaini fomu za upasuaji walikwenda watatu, mama, binti na mkwe aliyeitwa kwa ajili ya kubeba. Daktari wa vidonda alisema kabla hawajasaini angependa waelezwe jambo moja. Kuna utafiti ambao mama alikubali bakteria wake wapelekwe, wakatafutiwe virusi wa kuwala. Akamwita mtaalamu wa maabara. Akaingia msichana mwembamba mwenye miwani.

Alipomwona Kepteni alifurahi. "Kumbe ni wewe, baba."

Kepteni naye akafurahi. Alikaa wima, ili mama mkwe aone kwamba watu wenye miwani wanamfahamu.

Msichana akaeleza kwa masikitiko. Alisema kwa wiki sita wamewapandikiza bakteria wa mama kwenye visahani, wakawamiminia majitaka kutoka mabwawani, na hawajapata kirusi hata kimoja. Alisema hajawahi kuona majitaka ya namna ile. Ameuliza hadi kwa wenzake wa vyuo vingine, nao wameshangaa. Ni majitaka yasiyo na uhai wowote.

"Nikaona miguu inaniisha nguvu," Kepteni anasema. "Na mimi ndiye niliyekuja na miguu mizima."

Angeweza kunyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi haya hayakuwa yake, na hilo ndilo lililomchoma. Akasema yote. Bwawa la nne, bata, kitambaa cheupe mara tatu. Alipofika kwenye klorini, msichana alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Mama mkwe akamgeukia binti yake.

"Mwambie mumeo," alisema, "miaka yote hii nimemtaka awe msafi. Siku moja tu ndiyo nimemhitaji mchafu, naye ndiyo siku aliyoamua kunisikia."

Daktari, anasema mkewe Kepteni, alitoka nje kwa muda. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kepteni hakulala vizuri siku ile. Anasema wazi kwamba aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani, na chini ya aibu alikuwa na hofu: kwamba mama atakatwa mguu, na yeye kila atakapolisikia gongo lake sakafuni atakumbuka tone la klorini. Asubuhi alibandua zile sifuri sita ukutani, akazikunja, akazitia mfukoni. Kisha akaenda bwawa la kwanza.

Hapo ndipo miaka ishirini na moja ilipoanza kufanya kazi yake. Hakuna kitabu kinachoonyesha saa ambayo wodi ya vidonda inamwaga maji, wala tawi la bomba ambalo maji hayo hupitia, wala nondo inayoyanasa. Kepteni alijua. Aliacha kungoja Jumatatu. Alichota kila siku, akapeleka chupa mwenyewe kwa baiskeli, na kila chupa aliiandika "Bwawa la kwanza" na kupiga mistari miwili ili pasiwe na shaka.

Chupa ya kwanza, hakuna. Ya tano, hakuna. Safari hii sifuri zilimnyima chakula. Mtaalamu wa maabara anasema ilifika mahali akawa anaogopa kumpa majibu.

"Alikuwa ananiuliza, binti, hata kamoja? Hata kagonjwa?"

Chupa ya kumi na moja ilichotwa siku ya Jumatano, mvua ilipokuwa imenyesha na kusukuma kila kilichokuwa kimelala mabombani. Siku mbili baadaye aliitwa maabara. Alionyeshwa kisahani cha plastiki kilichotandwa na bakteria wa mama mkwe wake, ukungu mzito wa rangi ya maziwa. Katikati ya ukungu huo kulikuwa na vitundu vidogo safi, kama nguo iliyoliwa na nondo.

"Nikauliza, nani amekitoboa? Akaniambia, virusi wako, baba."

Kepteni aliomba radhi, akaenda kwenye stoo ya vifaa, akafunga mlango na kulia. Mlinzi alimkuta humo akamwuliza kama amefiwa. Akamjibu hapana, amepata kirusi. Mlinzi akasogea nyuma hatua tatu.

Kilichofuata hakikuwa cha haraka. Virusi wale walisafishwa mara nyingi kwenye maabara, hadi hakikubaki chochote kutoka bwawani isipokuwa wao wenyewe. Kamati ilikaa, ikauliza maswali, ikatoa kibali cha mgonjwa mmoja. Daktari wa upasuaji akakubali kuisogeza tarehe yake kwa wiki tatu, siyo siku moja zaidi.

Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyebaki kushawishiwa.

"Mwambie mumeo," alisema alipoelezwa, "kwa hiyo nitatiwa choo mguuni."

Msichana wa maabara alimweleza jinsi walivyosafishwa. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja: nani aliyewasafisha? Akaambiwa ni maabara, si mkwe. Akasaini.

Alipakwa dawa hiyo kwa siku kumi na mbili, pamoja na ile antibiotiki moja iliyokuwa ikisitasita. Daktari anasema wakati mwingine bakteria, wakihangaika kuwakwepa virusi, huwa dhaifu mbele ya dawa waliyokuwa wakiidharau, na anaamini ndicho kilichotokea. Siku ya tisa harufu ilikatika. Siku ya ishirini kingo za kidonda zilianza kukutana. Tarehe ya upasuaji ilifika, ikapita, ikafutwa kwa kalamu.

Daktari hapendi watu wakimbie na habari hii. "Kwa mama imefanya kazi. Mgonjwa mwingine tulimtafutia virusi wake, hawakufua dafu," anasema. "Tuko mwanzoni. Kinachosaidia leo ni watu kumaliza dozi na kuacha makopo."

Onyo lake lina sababu. Wiki moja baada ya habari kuenea mtaani, jirani mmoja alifika mabwawani na chupa ya soda, ana jipu kwapani, anaomba achotewe kidogo. Alisisitiza yawe ya bwawa la kwanza. Kepteni alimfukuza kwa upondo wa kitumbwi hadi barabarani, kisha akamrudia na kumpeleka zahanati mwenyewe.

Kopo la mama lilikabidhiwa kwa mfamasia, likarudi tupu. Sasa lina vifungo vya nguo. Wajukuu wanasema bibi akigawa vifungo lazima uvishone vyote, hata kama gauni linahitaji viwili.

Leo kidonda ni kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Mama anatembea na fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni, na ametangaza, kupitia kwa binti yake, kwamba anataka kwenda kuyaona mabwawa kwa miguu yake, yote miwili. Kepteni ameshahesabu. Ni hatua elfu moja mia moja na arobaini kutoka mlangoni. Katikati ya njia ameweka kiti, na kando ya maji anatengeneza benchi lenye mgongo.

Benchi hilo alianza kulijenga bwawa la nne, kwenye mandhari nzuri. Mama akasikia. Mwambie mumeo, alisema, yeye ataketi la kwanza. Lile la nne aliloringiwa nalo wiki sita halikumsaidia kitu.

Kwa hiyo benchi limehamishwa. Kepteni alitaka pia kupafagia pale kwenye chujio na kupapaka chokaa, kwa ajili ya mgeni, hadi msichana wa maabara alipompigia simu na kumsihi asiguse chochote. Kuna wagonjwa wengine wanne wanaotafutiwa virusi wao.

"Nikistaafu," anasema, "nataka nimwachie mtu ramani. Saa gani, bomba gani, nondo gani. Nimeanza kuichora. Na juu kabisa nimeandika kwa wino mwekundu: usiwe na adabu."

Tulipokuwa tunaaga nyumbani kwake, Kepteni alikuwa uani kwenye bomba, ananawa. Mama mkwe alimwita mwandishi karibu na kiti chake. Binti yake alikuwa jikoni, na ukuta, alisema, haujui kuandika.

"Mwandishi, mkwe wangu anasoma gazeti lako?"

Tulimjibu kwamba analisoma kila Jumapili.

"Basi mwambie humo. Siku atakapolisoma, akirudi asiitafute ile sabuni mlangoni." Alitazama uani, kisha akapunguza sauti. "Imehamia ndani. Iko bafuni, pamoja na za watu wa nyumbani."